Mbwa wa Riwaya, Mbwa wa Filamu na Mbwa wa Garsen

Mwalimu mmoja niliyemfundisha chuo kikuu miaka kadhaa iliyopita sasa anasomesha katika shule ya sekondari isiyo mbali na mji wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Aliniomba nipite shuleni kwake, nikiwa njiani kwenda Lamu, niwazungumzie wanafunzi wa vidato vya juu juu ya uhusiano wa riwaya na filamu. Nilikubali kwa moyo mkunjufu. Asiyejua faraja ya mwalimu anapokaribishwa na mwanafunzi wake wa zamani hajafundisha bado.

Wanafunzi hao walikuwa wamesoma Shamba la Wanyama, yaani ile riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945 ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967. Mwalimu wao alikuwa amepata filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho mwaka 1999, akaionyesha kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia. Dakika chache tu baada ya filamu kuanza, akatokea mbwa mwenye manyoya marefu, meusi na meupe, pua yake imechongoka na macho yake yamejaa huruma. Huyo ndiye Jessie. Katika kitabu, Jessie ni mbwa atajwaye kwa nadra. Katika filamu, yeye ndiye msimulizi wa kisa kizima.

Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "mimi niliposoma kitabu nilimwona Jessie akiwa kama Simba. Huyu wa filamu ni mbwa wa namna gani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sikuelewa mpaka nilipoonyeshwa mlangoni. Simba ni mbwa wa mlinzi wa shule: hudhurungi, mwembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Alikuwa amelala kizingitini, kwa upande wa nje, akiwafukuza nzi kwa sikio moja. "Simba ni koko!" akasema mwingine, na kicheko kikazidi. Kijana yule aliyeuliza akaketi, uso ameuinamisha, kana kwamba ametamka jambo la aibu.

Wasomaji wapenzi, mimi nashikilia kwamba kijana huyo aliuliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo, na kwamba kicheko cha wenzake ndicho kilichostahili kuonewa haya. Makala haya ni jibu langu kwake, kwani siku ile muda haukuniruhusu kumjibu inavyofaa.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Neno hutaja jumla, ilhali picha huonyesha mmoja. Mwandishi anapoandika "mbwa", haoni haja ya kusema urefu wa manyoya, umbo la masikio wala rangi ya tumbo. Neno hilo moja huacha mlango wazi, na kila msomaji huingia na mbwa wake. Msomaji wa London huingia na mbwa wa London, na msomaji wa Garsen huingia na Simba. Wote wawili wamesoma sawasawa. Orwell hakutaja mbari ya Jessie. Wale mbwa tisa waliolelewa kwa siri na Napoleon anatuambia tu kwamba walikuwa wakubwa, wakali, na kwamba walivaa kola zenye vifundo vya shaba. Basi kijana wetu hakukosea hata chembe.

Mtengenezaji wa filamu hana uhuru huo. Hawezi kupiga picha ya "mbwa" kwa jumla. Sharti amlete mbwa fulani, mwenye rangi fulani na mkia fulani, asimame mbele ya kamera. Mlango ulioachwa wazi na mwandishi yeye huufunga. Aliyetengeneza filamu ile ya 1999 aliufunga kwa kuchagua koli, mbwa wa wachungaji wa kondoo wa Uingereza na Uskochi. Huo ni uamuzi wake. Ni halali yake, lakini haumo kitabuni.

Wakati mwingine filamu humkana mwandishi waziwazi. Charles Dickens, katika riwaya yake Oliver Twist, alimpa yule jambazi Bill Sikes mbwa mweupe mwenye manyoya yaliyotimka, uso umejaa makovu na mikwaruzo. David Lean alipoitengenezea riwaya hiyo filamu mwaka 1948, mbwa aliyetokea alikuwa buli-teria, mwenye manyoya mafupi yaliyolala kama ya panya. Filamu ya nyimbo ya mwaka 1968 ikafuata mkondo huo huo. Leo ukimtaja mbwa wa Sikes mbele ya watu walioona filamu, wengi wao watakuapia kwamba Dickens aliandika buli-teria.

Vijana wetu wanazijua vyema riwaya za J. K. Rowling. Mbwa wa Hagrid, aitwaye Fang, kitabuni ni wa mbari kubwa iliyofugwa zamani kwa kusakia nguruwe mwitu. Katika filamu zilizoanza mwaka 2001 ni mastifu wa Napoli, mwenye ngozi iliyokunjamana na mate yanayodondoka. Ni mbwa wawili tofauti kabisa, wanaoitwa jina moja.

Huenda mtu akaniuliza: Je, haya si mambo madogo? Mbwa ni mbwa! La hasha. Anayechagua mbari ya mbwa huchagua pia daraja lake. Filamu ikimpa shujaa koli, koli hupanda cheo. Eric Knight aliandika riwaya ya Lassie mwaka 1940, na filamu yake ikatoka mwaka 1943. Mwaka 2014 watafiti Stefano Ghirlanda, Alberto Acerbi na Harold Herzog walichapisha uchunguzi wao juu ya filamu zenye mbwa na rejista za mbwa wa Marekani. Waligundua kwamba katika miaka miwili iliyofuata filamu hiyo, idadi ya koli walioandikishwa iliongezeka kwa asilimia 40. Waligundua pia kwamba athari ya filamu moja huweza kudumu hadi miaka kumi. Kwa ufupi, watu waliona picha, wakatamani, wakanunua.

Sasa rudini nami Garsen. Kijana wa Tana hana rejista ya kuandikia mbwa, wala fedha za kununulia koli. Hata hivyo, picha humfikia yeye pia. Yeye hanunui mbwa mpya, bali humdharau aliye naye. Hujifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba mbwa mwenye hadhi ya kuingia katika hadithi ni yule mwenye mbari, na kwamba mbari hutoka ng'ambo. Huyu alalaye kizingitini ni "koko" tu. Kicheko kile cha ukumbini kilikuwa na mzizi huo.

Hebu tulitazame neno lenyewe. "Koko" maana yake ya asili ni kichaka. Mbwa koko, basi, ni mbwa wa kichakani, asiye na mwenyewe. Halikuwa jina la mbari. Lilikuwa jina la hali. Simba ana mwenyewe, ana kazi, ana jina, na kila usiku hulizunguka bweni kabla ya mlinzi mwenyewe kuamka. Kwa mizani ya Kiswahili safi, Simba si mbwa koko hata kidogo. Sisi tumelitwaa neno la kumweleza mbwa asiye na kwao, tukalibandika juu ya kila mbwa aliyezaliwa kwetu. Kuwa mwenyeji kumekuwa ni sawa na kutokuwa na kwao. Je, kuna kinyume kikubwa kuliko hicho?

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Tuna jibwa na kijibwa. Tuna mbwa mwitu na mbweha. Tuna mbwa wa msasi, anayetajwa hata katika methali, kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Majirani nao wana maneno yao. Waorma, ambao lugha yao ni tawi la Kioromo, wanalo neno saree; Wamaasai husema oldia, Wakamba ngiti, Wajaluo guok, Wasomali eey. Hakuna kabila lisilomjua mnyama huyu. Tunachokosa ni desturi ya kuzitofautisha mbari zake kwa majina.

Desturi hiyo twaijua vyema kwa wanyama wengine. Mkulima wa Kenya hutofautisha ng'ombe wa gredi na ng'ombe wa kienyeji, na kuku vivyo hivyo. Hapo hapo Tana, ng'ombe wa Waorma wana jina linalojulikana na wataalamu wa mifugo ulimwenguni: huitwa Orma Boran. Utafiti uliofanywa katika ranchi ya Galana katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ng'ombe hao huyahimili maradhi yanayoletwa na mbung'o kuliko Boran wengine. Ng'ombe aliyedhaniwa kuwa wa kienyeji tu alipochunguzwa kwa makini alionekana kuwa na hazina katika damu yake. Mbwa alindaye zizi na shamba katika mazingira hayo hayo, akilala nje, akinywa maji ya mto wenye mamba, akiwakabili nyani wanaovamia mahindi, naye amechujwa na mazingira kwa vizazi vingi. Lakini nani amewahi kumuuliza habari zake?

Hapa ndipo ninapotaka kusimulia kisa ambacho, laiti ningekikumbuka siku ile ukumbini, ningekisema kwa sauti kubwa.

Mwaka 1954 mwandishi wa Marekani, James Street, alichapisha riwaya iitwayo Good-bye, My Lady. Mwaka 1956 William Wellman akaitengenezea filamu. Kisa chenyewe kinatokea katika vinamasi vya Mississippi, nchi ya maji na matete ambayo mtu wa delta ya Tana angeitambua mara moja. Kijana yatima anayeishi huko na mjomba wake anasikia sauti ngeni usiku, si ya ndege wala ya mnyama amjuaye. Anamkuta mbwa mdogo mwekundu na mweupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mbwa huyo habweki. Hutoa sauti ya kuvutwavutwa, kama ya mtu aimbaye kooni. Kijana anampenda, anamfunza kuwinda, na wawindaji wa eneo zima wanastaajabu. Mwishowe inajulikana kwamba mbwa huyo ni wa mbari adimu na ya thamani kubwa, kwamba ana mwenyewe anayemtafuta, na kijana analazimika kuamua kama atamficha au atamrudisha. Anamrudisha, na katika uamuzi huo anavuka utoto na kuingia utu uzima.

Mbari hiyo ilitoka wapi? Ilitoka Kongo. Wawindaji wa misitu ya huko waliwatumia mbwa hao tangu zamani, wakiwafunga njuga shingoni kwa sababu hawabweki. Wazungu waliwapeleka Uingereza, na mbari ikashika mizizi huko katika miaka ya 1930. Na jina lake? Jina lake ni basenji.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Kiambishi "ba-" katika lugha nyingi za Kongo ndicho "wa-" yetu. Basenji ni washenzi. Neno letu mshenzi, ambalo watu wa miji ya pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara, lilisafiri na misafara ya biashara hadi ndani ya Kongo, likapokewa katika lugha za huko, likabandikwa juu ya watu wa vijijini na mbwa wao. Mbwa wa basenji ni mbwa wa washenzi. Mzungu alilisikia, hakujua kwamba ni tusi, akaliandika katika vitabu vyake vya mbari bora za mbwa!

Tafakarini maajabu hayo. Mnyama ni yule yule. Nyumbani alikuwa mbwa wa washenzi, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Ng'ambo akawa adimu, akaandikiwa riwaya, akapigwa picha za filamu, na kijana wa Kimarekani akalia machozi kwa kutengana naye. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji, na nani aliyepata nafasi ya kusimulia. Masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambavyo katika ukumbi wa shule karibu na Garsen vilikuwa sababu ya kicheko, katika filamu ile vilikuwa alama ya ubora. Sidai kwamba Simba ni basenji. Simba hubweka, tena kwa nguvu. Nasema tu kwamba dharau yetu haikutokana na kumchunguza.

Yamkini mtu atasema kwamba kubadilisha mnyama katika hadithi ni kuiharibu, na kwamba ni wajibu wetu kufuata lile tulilopewa. Fasihi yetu yenyewe yamjibu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze iliyotoka mwaka 1952, anatusimulia habari za liwali anayewapiga manyani wawili kila usiku kwa uchungu, nao ni ndugu zake waliogeuzwa. Kisa hicho kina asili katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdalla bin Fadhil. Huko ndugu waliogeuzwa hawakuwa manyani. Walikuwa mbwa. Bingwa wetu hakuona kosa kumtoa mbwa na kumtia nyani, mnyama ambaye msomaji wa Afrika Mashariki anamwona akifanana na binadamu na kuharibu mashamba yake. Ikiwa Shaaban Robert aliweza kubadilisha mnyama mzima, sisi tunashindwaje kubadilisha mbari?

Swali hili si la nadharia tupu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ikapata tuzo katika tamasha la filamu la Carthage mwaka huo huo. Imethibitika kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kuwa filamu ya Kiswahili na kusimama mbele ya ulimwengu. Zaja nyingine. Huenda mmoja wa vijana wale wa Garsen akaja kuitengeneza filamu ya Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake inasemekana liko Kipini, pale mto Tana unapomwaga maji yake baharini. Ikiwa atataka mbwa apite uani, atamkodi koli kutoka Nairobi, au atamwita Simba?

Najua zipo pingamizi mbili, na zote zastahili heshima. Ya kwanza ni ya dini. Wengi wa wenyeji wa Tana ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na Kurani yenyewe inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Kwa hiyo filamu ya kwetu haina haja ya kumlaza mbwa kitandani kama zifanyavyo filamu za Marekani. Mahali pake ni uani na mlangoni, na mahali hapo nako kunasema jambo kuhusu nyumba na watu wake. Simba alikuwa amelala pale pale panapomfaa.

Pingamizi la pili ni la kichaa cha mbwa. Ni kweli kwamba mbwa asiyetunzwa ni hatari, na kwamba Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Lakini mpango huo unategemea chanjo, na chanjo humfikia mbwa mwenye mwenyewe. Anayeitwa koko na kila mtu hapelekwi kuchanjwa na mtu yeyote. Dharau haijamkinga mtoto yeyote na meno ya mbwa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi la mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuonyesha filamu yoyote iliyotokana na riwaya, wapeni wanafunzi daftari, kila mmoja aandike jinsi alivyomwona mnyama au mtu fulani alipokuwa akisoma. Kisha walinganishe na picha. Watajifunza tofauti ya neno na picha kwa macho yao wenyewe, bora kuliko kwa fasili ndefu ubaoni. Pili, wanapotafsiri, wasiogope kuyatohoa majina ya mbari, kama vile koli na mastifu, pale mbari inapokuwa na maana katika kisa. Na pale isipokuwa na maana, neno mbwa litoshe. Tatu, neno koko lirudishwe mahali pake. Mbwa aliyezaliwa kwetu na mwenye kwao aitwe mbwa wa kienyeji, kama tuwaitavyo kuku, ambao siku hizi bei yao sokoni haichekwi na mtu.

Na kwa wewe kijana uliyeketi nyuma: ulisoma vizuri. Orwell alikuachia mlango wazi, nawe ukaingia na mbwa unayemjua, anayelinda usingizi wako. Hiyo ndiyo kazi ya msomaji. Usikubali filamu ya mtu mwingine ikufanye umwonee haya Simba. Wahenga walisema mdharau kwao ni mtumwa, na utumwa mwingine huanza kwa kicheko kidogo tu darasani.

Nilipotoka ukumbini jioni ile, filamu ilikuwa bado inaendelea ukutani. Simba aliinua kichwa, akanitazama, akaona kwamba mimi si mwizi, akakilaza tena.